"Anatumia nini?"

Hilo ndilo swali la kwanza tuliloulizwa kasualti usiku ule, hata jina halijaandikwa. Kijana wa jirani, miaka 22, tumemtoa Kisauni, mtaa wa Mombasa, kwa tuktuk, mikono imefungwa leso, anatukana watu asiowajua, shati limemganda kwa jasho. Nywele kazisokota. Mlinzi akajijibia mwenyewe: "Hawa mateja hawa."

Akawekwa benchini karibu saa nzima. Muuguzi wa zamu iliyoingia ndiye aliyemchoma kidole: sukari 1.9, imeshuka mno. Mamake alikuwa akisema tangu mlangoni kwamba mwanawe anajidunga insulini ya kisukari. Alipotiwa glukosi, haikupita robo saa akawa anauliza viatu vyake viko wapi.

Ni rahisi kumlaani yule muuguzi wa kwanza, aliyeuliza swali lile. Mimi nilimlaani. Lakini heroini Pwani si uzushi, hata kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, iko hapo hapo Kisauni. Muuguzi mmoja ana foleni nzima, na pengine ameshawahi kupigwa ngumi. Tena swali lenyewe ni la kitabibu: aliyemeza bugizi, vile vidonge vya kulewesha usingizi, juu ya pombe ukimdunga sindano ya kumtuliza, unaweza kumzima pumzi. Kukisia kwa uzoefu ndiko kunakoendesha kasualti usiku.

Ila uzoefu huo huo ungemwambia kitu kingine. Teja aliyetoka kujidunga husinzia ukutani. Akiwa na arosto, yaani ameikosa dawa, hutapika na kuumwa viungo. Kupigana na wanaume watatu si sura yake ya kawaida. Kilichosomwa pale ni nywele na mtaa.

Wanawake nao wana lao. Mzazi wa wiki moja akianza kusema na ukuta, jamaa wanasema kapandisha majini, na wapo wahudumu wanaoitikia, au wanasema "ni mambo ya ndoa". Homa ya uzazi au malaria iliyopanda kichwani inaweza kuja na sura hiyo hiyo. Uingereza, takwimu za serikali zinaonyesha weusi wanazuiliwa kwa sheria ya afya ya akili zaidi ya mara tatu kuliko weupe. Huku kwetu rangi ni moja, basi tunapimana kwa mtaa, mavazi, na nani amekuleta. Laiti angeletwa na baba mwenye gari na Kiingereza, sidhani angekaa benchini.

Wengine wanataka iwe amri: sukari, joto na oksijeni vipimwe kabla ya kuuliza dawa. Wauguzi wanajibu kwamba vijiti vya sukari huisha, na mgonjwa anayerusha mateke hatoi kidole. Kweli. Lakini tulikuwa tumeshamshika mikono, na kidole kilikuwa pale pale.

Kilichobaki ni karatasi. Juu imeandikwa kwa kalamu "anashukiwa dawa za kulevya", chini sukari. Ya juu hakuna aliyeikata. Siku akihitaji kupelekwa Port Reitz, kwenye kitengo cha akili, daktari ataanza kusoma juu.