Uswahilini si tusi

Wabongo wenzangu tulioko Uingereza, mtu akigomba tunamwambia aache mambo ya uswahilini. Januari 2018, iliporipotiwa kwamba Rais Trump ameziita nchi za Afrika kwa neno la chooni, sisi haohao tuliwaka, na tulikuwa na haki. Basi tusiwafanyie hivyo watu wa Tandale na Vingunguti, mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam.

Neno hili uswahilini tumelirithi. Mkoloni aliigawa Dar: Wazungu Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala. Huduma zikaenda uzunguni. Uswahilini kukaachwa, halafu wakaazi wakaonekana ndio wachafu.

Sikatai kwamba kuna dhiki, nimekulia Tandale. Mvua kubwa ikishuka usiku kuna watu wanatapisha vyoo, kinyesi kinakwenda na maji hadi mlangoni kwa jirani, na asubuhi watoto wanayavuka maji hayo kwenda shule, viatu mkononi. Inaniuma hadi leo. Lakini viwanja havikupimwa, vichochoro ni vyembamba, gari la maji taka halipiti, na kwingi mtaro hakuna. Mpangaji wa chumba kimoja afanyeje?

Huku Uingereza nako dhiki ipo, imejificha ukutani. Ukungu mweusi unapanda pembe za chumba, nguo zinanuka kabatini, mtoto anakohoa baridi nzima. Mwaka 2020 mtoto wa miaka miwili alifariki Rochdale, na uchunguzi rasmi ukathibitisha kwamba kilichomuua ni ukungu wa nyumba waliyopanga. Baba yake, mhamiaji kutoka Sudan, alikuwa amelalamika tangu 2017. Wenye nyumba walikuja kukiri kwamba walidhania tatizo ni namna familia ile ilivyoishi. Niliposoma hapo nililia, maana ni maneno yetu yaleyale: ndivyo walivyo, ni uswahili wao. Tofauti ni kwamba kifo kile kilizaa sheria mwaka 2023, ya kumbana mwenye nyumba za umma atengeneze ndani ya muda uliowekwa.

Kwetu tumeona kwamba inawezekana. Mradi wa DMDP, wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, ulipeleka lami na mitaro hadi Tandale, kwa wakaazi walewale tuliokuwa tukiwasema. Kwa hiyo masika yakija, picha za mafuriko ya Jangwani zikianza kusambaa kwenye simu, msiandike "uswazi hao". Muulizeni diwani mtaro uko wapi, na sisi wa huku tuulize pamoja nanyi.