Sauti 600 za nini kama kidole hakina nguvu?

Jumamosi nilikuwa Arusha nikapita duka moja la vyombo vya muziki, nikamkuta mama anawanunulia wanae piano ya nyumbani. Muuzaji anamwambia "mama chukua hii, ina sauti za ala zaidi ya 600, hiyo nyingine ina 10 tu", akabonyeza demo duka zima likaitika. Mama wa watu akalipa. Nimerudi Moshi nimenuna njia nzima, maana na mimi niliuziwa hivo hivo.

Kinanda chetu kilikuwa cha vitufe 61, vyepesi kama vya rimoti. Binti yangu kakipiga mwaka na nusu, siku anakalishwa kwenye piano yenyewe ya mbao vidole vikagoma, noti moja inatoka mbili hazitoki, akanigeukia machozi yanamlenga, "Baba, hii ni mbovu?" Haikuwa mbovu jamani. Iliniuma mpaka leo.

Piano ni nyundo, ukibonyeza kitufe nyundo inagonga waya ndani. Hata jina limekatwa kutoka pianoforte, Kiitaliano cha sauti ya chini na sauti ya juu, tangu fundi Cristofori aiunde kule Italia karibu na mwaka 1700 kazi yake ndo hiyo, ukiigusa inanong'ona ukiikandamiza inanguruma. Kwa hiyo ulizia vitufe 88 vyenye nyundo ndani, vizito kushoto halafu vinapungua uzito ukielekea kulia. Ile piano ya umeme P-45 ya Yamaha yenye sauti 10 ndo ilivyo, na FP-10 ya Roland pia. Ukiwa dukani usikubali demo, bonyeza kitufe kimoja polepole kabisa, kisha kipige kwa nguvu, kama sauti ni ile ile ondoka.

Haya, vile vidogo vinakubali betri, na umeme wetu tunaujua, na kwenda nacho jumuiya unabeba kwa mkono mmoja. Hapo sibishi. Kijana wa biti naye achomeke waya wa USB kwenye kompyuta, sauti zote atazikuta huko. Stendi iwe haiyumbi, basi.

Tulishabadilisha. Usiku binti anavaa hedifoni, mimi sebuleni nasikia tu vitufe vinagonga tk, tk, tk, mkono wa kushoto unashindilia kuliko wa kulia.

Yule mama wa Jumamosi, kama unasoma hapa, rudi na risiti yako dada yangu, kabla watoto hawajaizoea.