Nyota Niliyoipanda Kibaigwa

Mimi nafundisha fizikia kwenye sekondari moja hapa Dodoma, na balaa langu lilianza na zabibu.

Nilitaka kidato cha pili waone ukubwa wa anga kwa macho. Nikaamua umbali wa Dunia hadi Jua, kilomita karibu milioni 150, uwe mita moja. Kwa kipimo hicho Jua zima lina upana wa milimita 9 hivi. Nikachuma zabibu changa, nikaibandika kwenye nguzo ya bendera. Mshtarii ukakaa mita 5 na kidogo, Zohali mita 9 na nusu, Neptuni mita 30, jirani na vyoo vya wavulana. Makofi yakapigwa. Hapo ndipo ningenyamaza.

"Mwalimu, na nyota ya karibu baada ya Jua iko wapi?"

Nikafungua daftari. Nilikuwa nimeandika: Proxima Centauri, 1.3. Basi. Mwaka mmoja wa nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka, ni sawa na umbali wa Dunia hadi Jua mara 63,241. Nikazidisha kwa 1.3, nikapata mita 82,213. Nikaahidi mbele ya darasa zima kwamba Jumamosi naipeleka mwenyewe na picha nitaleta. Proxima ni nyota ndogo, kwa kipimo chetu haifiki hata milimita mbili, kwa hiyo nikatwaa punje ya ulezi, nikaigandisha kwa gundi juu ya kigingi. Kigingi nikakipaka rangi nyekundu, maana nyota yenyewe ni nyekundu. Kikumbuke hicho kigingi.

Jumamosi nikapanda basi la Morogoro, simu mkononi ikihesabu kilomita. Kwenye ramani yangu nuru hutumia zaidi ya dakika 8 kumaliza mita moja, kobe anaipita, lakini basi lile lilijitahidi kuikaribia. Ilipogonga 82, tukiwa hatujafika Kibaigwa, nikapaza sauti: "Shusha!"

"Hapa si kituo, ticha," konda akasema. "Una mzigo?"

Nikamwonyesha ile punje. Akagonga bodi mara mbili, basi likasimama bila swali jingine.

Nikaingia ukingoni mwa shamba lililokwisha kuvunwa, nikaanza kukipiga kigingi kwa jiwe. Anayeishi mkoa huu anajua nilichosahau: tangu makao makuu yaanze kuhamia huku, mtu anayegongea kigingi chekundu kwenye shamba lako hajaja kukusalimia. Pigo la tano halijatua, nikaona miguu. Mzee mmoja na jembe, akina mama watatu, vijana wawili wa bodaboda.

"Mbukwenyi," nikasema, na Kigogo changu kikaishia hapo.

"Nani kakutuma kupima shamba langu?"

"Shikamoo mzee. Sipimi shamba. Napanda nyota."

Kichwani ilikuwa sentensi nzuri kabisa. Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma ya kanga. Kijana wa bodaboda akanong'ona kitu kuhusu waganga.

Nikampigia mwalimu mwenzangu wa hisabati, nikaweka spika ili anitetee.

"Mwambie mzee mimi ni nani!"

"Kwanza uko wapi?"

"Karibu na Kibaigwa. Kilomita 82. Si Proxima ni 1.3?"

Kimya kidogo. "Moja nukta tatu nini?"

"Miaka ya nuru."

"Weee! Proxima iko miaka ya nuru 4.24. Hiyo 1.3 ni paseki! Paseki moja ni miaka ya nuru 3.26. Nyota yako iko kilomita 268 huko. Iko Morogoro, baba!"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha mtu mmoja. Ofisi nzima ya walimu ilikuwa inasikiliza.

Mzee akaweka jembe chini. Kumbe mahindi yake huyauza soko la Kibaigwa. "Mwalimu, nikikuambia nauza tatu, utatoa hela? Tatu nini? Magunia? Madebe? Visado?"

"Nitauliza kwanza, mzee."

"Na hiyo paseki ndiyo lumbesa?"

Miaka yote ya kufundisha sijawahi kupata mfano kama huo. "Ndiyo mzee. Miaka ya nuru mitatu na robo imeshindiliwa kwenye gunia moja."

Nikaanza kung'oa kigingi. Akanishika mkono.

"Ngoja. Nyota kumbe iko Morogoro. Sasa hapa kwangu kuna nini?"

Sikutaka kumdanganya. Nikamweleza kwamba umbali huo bado ni himaya ya Jua, na wataalamu wanaamini huko kumetawanyika vipande vya barafu visivyo na idadi, wanaviita wingu la Oort.

"Barafu."

"Barafu, mzee."

Akautazama mbuyu. Akautazama udongo uliopasuka miguuni mwake. Saa saba mchana, jasho linanitiririka hadi ndani ya viatu. Kisha akawageukia wale vijana wa bodaboda, kwa sauti ya upole kabisa:

"Mrudisheni Dodoma taratibu. Jua limempiga."