Kanzu Yangu Sasa Yaelekeza Watu Chooni

Naona kuna toleo la kisa changu linazunguka tangu jana, eti mashine yangu ya kuchapa vibao ilinivua nguo. Uongo. Mtunzi wake ni rafiki yangu, jina namsitiri ingawa yeye hakunisitiri. Haikunivua. Bora ingenivua.

Ijumaa, saa sita na nusu, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Kwenye meza ya mashine kumelala forex, ubao mwepesi wa plastiki, vibao vya mkahawa mmoja wa hapa Malindi: CHOO, chini BAGNO kwa Wataliano wetu, chini kabisa mshale. Nikakaa ukingoni nijibu meseji moja. Kanzu isijikunje, nikaitandaza nyuma yangu, mezani. Ulimbwende huo ndio ulioniponza.

Mnaojua mashine hizi mshaanza kucheka. Meza ina matundu, pampu inavuta hewa ili ubao usisogee. Matundu ambayo forex haikuyafunika yakapata kanzu yangu. Kijana wangu nyuma ya kioo, vidude masikioni, akaamrisha ichape.

Nikaruka chini. Kanzu ikabaki. Nyuma niko na saruni tu, pindo limenata, kipande chake kimelala juu ya forex. Nataka kuvuta, nakumbuka hedi, kile kichwa kinachorusha wino. Inapita juu ya ubao kwa milimita mbili hivi. Kitambaa kikijikunja kidogo kinaikwangua, na bei ya hedi siiwezi hata nikiuzwa na kanzu yangu. Basi nikatulia kama Nguzo ya Vasco da Gama, shingo tu nimeigeuza.

Shaa, yaenda. Shaa, yarudi. Taa ya UV ubavuni, zambarau, inakausha wino palepale. Haichapi herufi moja moja, jamani, yapanda utepe kwa utepe. Tumbo la mshale. Nyayo za BAGNO. Naomba umeme ukatike. Mji huu umeme hukatika ukiwa na sabuni usoni. Siku hiyo ulikaa kama mgeni aliyesikia harufu ya biriani.

Hapo ndipo rafiki akaingia kunipitia twende msikitini. Kitufe chekundu cha dharura kiko hapo kiunoni pake. "Bonyeza chekundu!" Akabonyeza chekundu. Cha simu. Cha kurekodi.

Shaa. Vitako vya O za CHOO, vyote viwili.

Spiriti haikutoa, sabuni haikutoa. Wino ule ukishapigwa taa ni plastiki, nikiinama unalia kakaka. (Si najisi, nimeuliza.) Kanzu nyingine iko nyumbani, hotuba inaanza. Nikajibanza safu ya mwisho, nyuma yangu ukuta. Nilidhani. Waliochelewa wakapanga safu nyingine.

Baada ya salamu mzee mmoja akanigusa bega, kwa upole kabisa: "Mwanangu, vyoo vya hapa viko kulia. Mshale wako waelekea kushoto."