Baa ya mwaka 1361 na kilabu chetu cha mbege

Mimi niko huku Uingereza mwaka wa nane sasa na vijiji vyao nilikuwa sivitaki kabisa, nikijua ni mvua, kondoo na wazee na mbwa wao basi. Juzi jumamosi jamaa yangu wa Bristol akanikokota mpaka Lacock, kakijiji ka Wiltshire karibu na Chippenham, mitaa minne tu, dakika kumi ushazunguka kote.

Kuna baa pale inaitwa George Inn, wenyewe wanasema ipo tangu 1361. Hebu piga hesabu, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Kilwa 1331, yani hao wanaanza kuuza pombe Kilwa bado ina sultani wake na Mreno hajulikani hata anatokea wapi. Na mpaka leo wanauza! Dari iko chini nimegonga kichwa mara mbili, alafu pembeni ya jiko la moto kuna gurudumu la mbao ukutani, zamani walikuwa wanamuweka mbwa humo anakimbia weee ili nyama izunguke kwenye moto. Mbwa, ndo msimamizi wa nyama choma. Nimecheka peke yangu.

Bia yao ya moto, hapo sibishani na mtu, na mhudumu hakufuati mezani, unaenda kaunta mwenyewe.

Nje hamna waya wa umeme hata mmoja juu, vimefichwa vyote, ndo maana watu wa sinema hawaishi kwenda. Karibu kijiji kizima ni mali ya National Trust, shirika lao la kutunza majengo ya kale, tangu 1944 na watu wanaishi humo kama wapangaji, kwahiyo usidhani huwezi kupangiwa masharti, ni nyumba ya watu. Tukaingia na Abbey ya hapo hapo, ilianza 1232 kama nyumba ya masista, na humo ndo Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya kadirisha mwaka 1835, negativu yake (ile picha ya kinyume wanayosafishia picha) ndo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani.

Sasa mimi nikawa naiwaza Bagamoyo. Sio kwamba hatuna, tunayo, mwili wa Livingstone ulipita pale 1874, Kaole, magofu ya jirani na hapo, kuna misikiti iliyokufa kabla hata ya Mjerumani kufikiriwa. Ila sisi cha kale tunakiwekea geti na tiketi, unaingia, unaoneshwa ukuta, unatoka, hakuna anayekaa humo anakunywa chai. Mzungu kaweka friji na mashine ya kadi ndani ya nyumba ya miaka 600 na haijafa. Mtaniambia wana hela, sawa, lakini baa inajilipia yenyewe kwa hizo hizo bia za moto.

Na vingine wala hatuvihesabu kama historia. Kibosho, kule Kilimanjaro, kulikuwa na kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, babu alikuwa ananipeleka nikiwa mdogo, mama mwenye kilabu alikirithi kwa mama yake, na yule naye sijui kwa nani, benchi zimeng'aa kwa makalio ya watu. Nikiwa kwenye treni ya kurudi nikampigia mjomba nimuulize kile kilabu kilianza lini, akacheka, akasema mjomba we unaota, walishabomoa mwaka juzi, wamejenga fremu tatu za maduka, na mbili mpaka leo hazina mpangaji.