Bosi, Imeingia?

Jamani, mgahawa wa Dar es Salaam unaendeshwa kwa maneno matatu. "Karibu" husemwa mlangoni. "Imeisha" husemwa ukitaja chochote kilichoandikwa kwenye menyu. La tatu husemwa kaunta, simu ikiwa sikioni: "Bosi, imeingia?"

Mteja kalipa elfu ishirini na mbili kwa lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea pesa za simu. Kasimama, kijiti mdomoni, boda inamngoja nje inanguruma. Meseji ya uthibitisho nayo imekwenda kwenye simu ya bosi. Bosi yuko kikao cha harusi Mbagala, simu kaitia kwenye mkoba wa mkewe. Dada wa kaunta anapiga, haipokelewi. Anapiga tena. Mteja anamnyooshea simu yake: "Si hii hapa, soma mwenyewe!" Dada akisoma akaridhika, kesho atakatwa mshahara, maana meseji iliyo kwenye simu ya mlipaji haithibitishi kitu. Mtu anaweza kuichapa mwenyewe, au akajitumia kutoka namba ya kawaida aliyoihifadhi kwa jina la mtandao. Muamala unathibitishwa upande wa anayelipwa tu.

Halafu wenye biashara hao hao utawakuta wanabishana usiku kucha: tuchukue mashine ya kadi ya benki gani, ya rangi gani, yenye kioo kikubwa au kidogo. Baba, swali la kwanza ni nani ataiona pesa ikiingia! Siku ya kusajili lipa namba uliulizwa TIN (namba ya mlipakodi), leseni, kitambulisho cha taifa cha NIDA, na namba ya kupokelea meseji. Hapo kwenye namba ukaandika yako kwa sababu wewe ndiye bosi. Ungeuliza kama wa kaunta anaweza kuona miamala bila kuwa na uwezo wa kutoa fedha. Ikiwezekana, kitochi chenye mlio wa kuamsha mtaa kinakaa kaunta, na pini ya kutolea inabaki kichwani kwako. Isipowezekana, nenda kwa mtoa huduma mwingine, Dar hawakosekani.

Halafu vibandiko. Kaunta nyingine imebandikwa namba nne za mitandao minne mpaka bei ya chai haionekani. Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu, na kuna msimbo wa pamoja wa kuskani, TANQR. Namba moja inatosha, mwenye mtandao mwingine akaingia kwenye menyu yake na kuchagua mitandao mingine. Kabla ya kuchapisha vibandiko mia, ilipie mwenyewe shilingi elfu moja kutoka kila mtandao. Angalia mlipaji anakatwa kiasi gani, wewe unapokea kiasi gani, na jina linalotokea kabla ya pini ni lipi. Jina la mgahawa likija kama jina la shemeji yako, mteja ataghairi na hutamlaumu.

Wahudumu nao wana lao. Mtandao ukisuasua utasikia, "Kaka, tuma tu kwenye namba yangu, nitamkabidhi bosi." Aaa! Namba ya biashara iandikwe juu ya kila bili na kila meza, kwa maandishi makubwa, ili hata mteja aliyekunywa tatu aisome.

Sasa mashine ya kadi. Afisa wa benki anakuja amenyoosha shati, anakwambia mashine ni bure. Bure! Muulize asilimia. Tuseme mkataba unasema 2.5: bili ya 48,000 inakatwa 1,200. Unaona ndogo? Kama faida yako ni asilimia 15, kwenye bili hiyo unapata 7,200. Ile 1,200 ni sehemu ya sita ya faida, imeondoka kabla hujanunua hata gunia la mkaa. Usidhani utamwongezea mteja kimya kimya, mikataba mingi inakataza. Muulize pia kodi ya mashine kwa mwezi, kiwango cha chini cha mauzo, na nani analipa mashine ikidondokea kwenye supu. Mashine itadondokea kwenye supu.

Swali ambalo afisa hulijibu huku anatazama saa ni hili: fedha zinaingia akaunti lini? Nyingi huingia siku ya kazi inayofuata. Siku ya kazi, umesikia? Mauzo ya Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili, ndiyo yote ya maana kwa baa ya Sinza, unayaona Jumatatu au Jumanne. Na Jumapili alfajiri uko Feri, umesimama mbele ya changu wanaong'aa, muuzaji anataka noti mkononi. Mwambie yeye habari za siku ya kazi. Kwa hiyo weka fedha taslimu za manunuzi ya siku tatu, au wateja wa wikiendi wasogeze kwenye lipa namba, ambako fedha unaiona papo hapo.

Mtandao je? Mashine inayotegemea Wi-Fi peke yake ni pambo. Umeme ukikatika, kisanduku cha intaneti kinazima, na wageni kumi wa meza ya nyuma wameshikilia kadi kama wanasubiri kupiga kura. Taka mashine yenye laini yake, na laini iwe ya mtandao tofauti na ule wa Wi-Fi. Ijaribu pale pale utakapoitumia, kona ya jiko, nyuma ya ukuta wa zege, siyo mlangoni ambako kila kitu hushika.

Kasheshe yenyewe ni hii: mashine inaandika imeshindikana, simu ya mteja inalia amekatwa. Mhudumu wa haraka haraka anachanja tena. Umemkata mara mbili, sasa subiri matusi. Kwanza fungua orodha ya miamala kwenye mashine. Kama ule wa mwisho hauna namba ya idhini, haujakufikia, na benki yake ndiyo itakayomrudishia, ingawa kwa muda wake. Andika saa, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi na namba ya kumbukumbu, umpe nakala. Ukikosea kiasi na mahesabu ya siku hujayafunga, futa muamala hapo hapo kwenye mashine. Ukishafunga, inakuwa kurejesha fedha, nayo ni safari.

Na hivyo vikaratasi! Roli ya milimita 57, karatasi ya joto, mtu anaitunza juu ya jiko. Mteja wa kadi anaweza kukana muamala hata baada ya miezi mitatu. Benki inakuomba ushahidi, unafungua kopo, karatasi zote nyeupe kama sanda. Zipige picha kila usiku.

Tena karatasi ya mashine ya kadi siyo risiti ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inatolewa hata kama mteja kalipa kwa kadi, kwa simu au kwa kuku. Usiku wa kufunga, jumla ya ripoti ya Z, yaani mauzo ya siku nzima kwenye EFD, ilingane na ya mashine ya kadi, ukiongeza ya lipa namba na ya droo. Haitalingana, na mara nyingi mchawi ni bahshishi: mteja kalipa 50,000 kwa bili ya 46,000, ile 4,000 imeingia akaunti ya bosi, na wahudumu wanaosha vyombo kwa hasira. Iandikwe kwenye daftari lake, walipwe kabla ya kuondoka.

Wenye vyumba wana mzigo wa ziada. Kadi ya mgeni usiikate siku ya kufika, omba benki ikuwezeshe kushikilia kiasi, kisha unakata halisi anapoondoka. Bei ziwe za shilingi, kanuni za 2025 zimekataza kumtajia dola kwa huduma za hapa.

Basi umepanga yote. Kitochi kinalia kaunta, laini mbili, roli kwenye droo kavu. Anaingia mzee, chai na chapati mbili, 2,500. Anatoa noti nyekundu ya elfu kumi.

"Chenji hatuna, mzee. Lipa kwa simu."

"Simu imezima. Mna chaja ya pini ndogo?"