Laptopu Yangu Inaniuliza Mimi ni Nani

Eti "tafadhali niambie wewe ni nani." Laptopu niliyoinunua mwenyewe Kariakoo, mtumba wa Dubai, leo inaniuliza mimi ni nani! Mtu mzima, nina mke, nina kitambulisho cha taifa chenye picha mbaya kama chenu, na heshima yangu mtaani ipo: watoto wananipa shikamoo kabla sijawafikia. Nikaijaza jina na barua pepe. Hata asante hakuna.

Chanzo ni mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mfumo wake wa kuhesabu saruji na nondo nimeshaumaliza, sasa anataka niupandishe kwa Git, programu inayotunza kila badiliko la kazi na jina la aliyelifanya, kwenye repo mtandaoni, yaani ghala la kazi huko GitHub, "kijana wangu wa Mwanza aupitie." Miaka yote kazi za watu napeleka kwa flashi. Ina virusi, sawa, lakini haijawahi kumwuliza mtu jina. Ndani kuna mfumo_mwisho, mfumo_mwisho_kabisa na mfumo_mwisho_wallahi, na kila mtu anaelewa kipi ni kipi.

Na Git yenyewe sina ugomvi nayo. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ambao watu chungu nzima wanauandika kila mmoja akiwa nchi yake, na lazima ijulikane nani kagusa nini. Haki yake. Ila mimi niko peke yangu na misumari ya mteja. Nani mwingine ataigusa?

Nikakomiti, yaani nikaiambia Git iweke kumbukumbu ya kazi ilipofikia. Nikaambiwa tawi langu, yaani mkondo wa kazi, linaitwa master, la kule linaitwa main. Nikabadili. Nikaambiwa kule kuna faili la maelezo ambalo kwangu halipo, nilivute kwanza. Nikalivuta, naambiwa historia zetu hazina undugu. Nikaulazimisha undugu, nimeshaozesha wadogo zangu, mambo hayo nayaweza.

Ikaja nywila.

Kwenye terminali, kile kidirisha cha kuandikia amri, ukiandika nywila haionekani. Si nyota, si vitone. Unajuaje umefika herufi ya ngapi? Nikaandika taratibu, nikabonyeza Enter, najibiwa kwamba nywila GitHub waliacha kuzipokea tangu Agosti 2021. Sasa kama huipokei, umeniomba ya nini?

"Simpo tu Anko, unatengeneza tokeni, herufi wanazokupa wao uzitumie badala ya nywila," anasema mpwa wangu, mwaka wa kwanza chuo, chapati mkononi.

Simpo tu. Ukurasa wa tokeni una visanduku vya ruhusa vinashuka mpaka unasahau ulichofuata. Aruhusiwe kusoma? Aruhusiwe kuandika? Aruhusiwe kufuta repo? Nani huyo anayetaka kufuta repo yangu kabla haijazaliwa? Iishe lini? Siku 30, ukipenda. Nikatiki tiki pale, ikatoka: herufi 40, zinaanza na ghp, na onyo juu yake kwamba nakili sasa hivi, hutaiona tena maishani. Nikainakili, nikarudi terminali, Ctrl na V, Enter. Imekataa. Kumbe mle ndani Ctrl na V haibandiki kitu mpaka Shift iwepo, na kwa kuwa hakuna kinachoonekana, utajuaje kama umebandika tokeni au umebandika hewa?

Hapo umeme ukakatika. Betri ya hii laptopu mnaijua. Tokeni ikaenda nayo.

Uliporudi nikatengeneza nyingine, na safari hii sitaki mchezo. Nikavuta daftari la hesabu la binti yangu, mpwa asome, mimi niandike.

"El ndogo."

"El au ai kubwa?"

"Zinafanana, Anko."

"Zinafananaje na wewe uko chuo?"

"Haya, inayofuata ni o."

"O ya herufi au sifuri?"

"Ya mviringo."

Kesho yake daftari limerudi kutoka shule, mwalimu kaiweka kosa kwa wino mwekundu na kuandika: "Onesha njia."

Lakini ilikubali! Mzigo ukaanza kupanda, asilimia zinapanda, bando linashuka. Umefika mwisho kabisa, MB zimeshakwenda zote, ndipo naambiwa kuna faili limezidi MB 100, mzigo wote umekataliwa. Ni video ya mteja akikata utepe siku ya kufungua duka, na hiyo aliapa lazima ikae ukurasa wa mbele. Si mngeniambia mlangoni? Nikaifuta, nikakomiti, nikaongeza bando, nikapandisha. Imekataa. Leo haimo, lakini kwenye kumbukumbu ya jana imo, na Git inapandisha na ya jana. Jamani, mtu akifuta si kafuta? Mnataka nini tena?

"Na hiyo tokeni ya nini, Anko? Ungetumia ufunguo wa SSH, faili la siri linalokaa kwenye laptopu na kukutambulisha lenyewe." Sasa ndiyo anasema!

Na ufunguo asinitajie kabisa. Mwenye nyumba kabadili kitasa cha geti, vyumba sita, kaleta ufunguo mmoja, kila mpangaji akachongeshe wake. Wangu unaingia vizuri ila haugeuki mpaka uliinue geti kwa goti, huku mkono mmoja una unga na mwingine una mafuta ya taa. Ukimlalamikia, anasema geti halina shida, shida ni sisi tunaorudi usiku. Kodi je? Miezi sita mbele, na aliifuata mwenyewe saa tatu usiku, akagonga.